Mlimani kunani?

Bangor, Wales
Aprili 28

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Mama, na shikamoo nyingine nifikishie kwa Bibi. Mimi huku mzima wa afya, ila miguu yangu inadai vingine.

Juzi nilipokwambia kwenye simu kwamba siku yangu ya mapumziko nakwenda kupanda mlima, ulinyamaza kidogo, kisha ukauliza kwa sauti ile ya watu wa Tanga: "Huko mlimani kunani?" Simu ikakatika kabla sijajibu. Afadhali ilikatika, maana jibu sikuwa nalo. Wewe vilima vya Magoroto umevipanda tangu mtoto ukifuata kuni, ukashuka na mzigo kichwani. Huku watu wanapanda bila kufuata chochote. Wananunua viatu vya bei, wanabeba mkate na chupa ya chai, wanafika juu, wanageuka.

Mimi lakini nilitumwa. Kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna bibi wa miaka zaidi ya tisini, namwogesha na kumvalisha kila asubuhi. Kiingereza kinamtoka siku hizi, kinachobaki ni Kiwelisi alichonyonya kwa mama yake. Siku nyingine huniita jina la dada yake, nami naitika. Baba yake alikuwa mchimba mawe Llanberis, chini ya huo mlima. Alipojua nakwenda huko alinishika mkono, akaniambia nikaangalie "kazini kwa baba" kama bado papo.

Basi Jumamosi tukapanda basi la asubuhi, mimi na mwenzangu wa kazini, binti wa Kihindi kutoka Kerala. Safari si ndefu. Huku sasa ni majira ya machipuko. Shuleni tulikaririshwa kwamba ndiyo masika, lakini usidanganyike Mama, masika ni hiyo inayowafurisha maji hapo Ngamiani. Hii ni kitu kingine: miti iliyosimama uchi tangu Novemba inatoa majani teketeke, vichaka vya miiba vinachanua maua ya manjano mlima mzima, na kila kondoo ana mtoto au wawili wanaomrukaruka. Magharibi inaingia karibu saa tatu usiku. Ukizoea jua letu la saa kumi na mbili unahisi mtu anakufanyia mzaha.

Mlima wenyewe unaitwa Yr Wyddfa. Waingereza wameuita Snowdon miaka mingi, lakini tangu 2022 mamlaka ya hifadhi imeamua kutumia jina la wenyewe. Maana yake kaburi. Wanasema amezikwa humo jitu aliyekuwa akiwanyoa wafalme ndevu na kujishonea joho, hadi alipokutana na mfalme ambaye ndevu zake hazikunyoleka. Ni mrefu kuliko milima yote ya Wales na ya Uingereza yenyewe, ukiacha Uskoti: mita 1,085. Nilimwambia mwenzangu kwamba wauza peasi wa Lushoto wanalala juu zaidi ya hapo, sokoni tu, mita kama 1,400. Hakuniamini mpaka alipotazama kwenye simu yake. Baada ya hapo akawa ananitania kila tulipopumzika, na tulipumzika sana.

Kuna garimoshi linalopanda mpaka kileleni, reli yake ina meno katikati ili lisirudi nyuma. Linafanya kazi tangu 1896. Yetu ya Tanga ilianza kujengwa 1893, miaka mitatu kabla, lakini yetu ilikwenda kufuata mazao ya mashambani, hii ilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya watalii. Nauli yake ilinikumbusha kwamba Mungu amenipa miguu.

Njia ni kilomita kama 14 na nusu kwenda na kurudi. Sikuelezi hatua kwa hatua, ni mawe na jasho. Ila jambo moja lilinishangaza. Mjini hapa unaweza kukaa na mtu kituo kimoja cha basi mwezi mzima asikwambie lolote. Mlimani wanasalimiana! Kila anayeshuka anakusalimu, anakwambia bado kidogo tu (uongo), wengine wanasimama kuulizia umetoka wapi. Nikiwajibu Tanzania wananiambia Kilimanjaro. Nimeacha kueleza kwamba sijawahi hata kufika Moshi.

Karibu na juu upepo ukatuvamia. Mtandio ulitaka kuruka, nikaufunga kwa kamba ya begi, na wale waliokuja vichwa wazi wakawa wanautazama kwa wivu. Kwenye vivuli vya miamba palikuwa bado na theluji, chafu, kama pamba iliyoachwa nje. Nilivaa viatu vyangu vya kazini, Mama, usiniseme, najua. Niliteleza mara mbili, na kisigino cha kulia kilitoka lengelenge kubwa kama nusu ya komwe.

Tukafika. Unajua tulikuta nini kileleni? Foleni. Watu wamejipanga kupiga picha pale juu kabisa, kama wanangoja daladala ya mwisho ya Raskazone. Zaidi ya foleni, ukungu mtupu. Wanasema siku ya hewa safi unaona mpaka Ayalandi ng'ambo ya bahari. Mimi sikumwona hata mwenzangu aliyekuwa hatua kumi mbele. Tukala machungwa, ya Hispania, makavu. Ningekuwa na la Muheza moja tu!

Tuliposhuka kidogo ukungu ukafunguka kama pazia. Chini ziwa, na ng'ambo ya ziwa yale machimbo. Mlima mzima umekatwa ngazi ngazi kutoka chini hadi juu, Mama, kama jitu fulani lilitaka kupanda mbinguni likaghairi. Watu zaidi ya 3,000 walikuwa wakifanya kazi hapo kwa wakati mmoja, wakipasua mawe kuwa vigae vya kuezekea nyumba. Vikapakiwa melini, vikaenda duniani. Kisha vigae vya bei rahisi vikaja, na mwaka 1969 wakafunga. Sasa ni urithi wa dunia tangu 2021, watalii wanapiga picha.

Nilikaa kwenye jiwe nikamkumbuka Babu. Alivyoletwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Songea, alivyotuonyesha kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho, alivyosema kwamba sauti ya korona, ile mashine ya kusaga mkonge, ikinyamaza usiku alikuwa anashindwa kulala. Kisha nailoni ikaja, na korona ikanyamaza kweli. Baba yake yule bibi wangu, naye vumbi la mawe lilimmaliza kifua. Hawa wazee wawili wangekaa kibarazani hapo nyumbani wangeelewana bila mkalimani.

Adhuhuri niliswali nyuma ya ukuta wa mawe. Maji ya kijito niliyotawadhia yalikuwa ya baridi ya kukata vidole. Kondoo mmoja akaja kusimama mbele yangu, nikasujudu naye ananitazama, mwenzangu pembeni amejiziba mdomo asicheke.

Jumapili asubuhi nilimwonyesha bibi picha kwenye simu. Akaisogeza mpaka puani. Akaweka kidole kwenye ngazi ya chini, akapanda nayo moja moja huku akihesabu kwa Kiwelisi, akafika ya tano akasimama. "Hapa," akasema, halafu hakusema kitu kwa muda. Nikaendelea kumchana nywele.

Baadaye akaniuliza, na huko juu kabisa uliona nini? Nikamwambia ukungu na foleni. Alicheka mpaka ikabidi nimpe maji. Akasema baba yake aliishi chini ya mlima ule maisha yake yote na hakuupanda hata siku moja. Jumapili alikuwa akilala.

Mwambie Kaka nimetuma pesa ya mabati yaliyobaki, aende akazichukue kwa wakala, na fundi asiache tena nafasi pale juu ya chumba cha Bibi, mvua hizi hazitamngoja. Akimaliza anipigie picha ya paa kutoka barabarani. Kuna mtu hapa anajua mambo ya kuezeka, nataka aione.

Wasalimie wote, na watoto wa Shangazi.

Mimi mwanao,
mwenye lengelenge