Kemshafti mpya na tapeti za zamani: kwa nini hatukubali kuzifunga pamoja

Lalamiko linalotufikia karibu kila ovahoo, yaani kila tukifungua injini na kuifanya upya, ni hili: "Mimi nilileta injini inakula oili, tukakubaliana ringi za pistoni na metali (beringi) za krankshafti, sasa hii kemshafti na tapeti imetokea wapi?" Na juzi kati mteja mmoja akaenda mbali zaidi, akasema tunamtafutia kazi ya kumlia hela. Hilo limetuuma, kwa hiyo leo tueleze vizuri.

Hapa nazungumzia zile injini ambazo kemshafti, ile shafti yenye nundu za kufungulia valvu, imelala ndani ya bloku, na tapeti zake, vile vipande vya chuma vinavyokalia nundu, hazina rola (kigurudumu). Kemshafti inazunguka mara moja kila krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, roka inainuka, valvu inafunguka. Springi ya valvu nayo inakandamiza kurudi chini, na nguvu yote hiyo inaishia pale ncha ya nundu inapogusana na tapeti, eneo dogo sana, katikati pana utando wa oili tu.

Ukishika tapeti mpya utaapa uso wake wa chini ni bapa. Kumbe umechongwa na kambinuko kadogo ambako jicho halikaoni, na nundu nayo imechongwa na kamteremko kidogo kuelekea upande mmoja, makusudi kabisa, ili injini ikitembea tapeti iwe inajizungusha kwenye tundu lake. Inapojizungusha inalika taratibu na pande zote sawa. Ikiacha kuzunguka, chuma kinasugua palepale, ngozi ngumu ya juu ya nundu inaisha, na ikishaisha hiyo basi nundu inayeyuka haraka kuliko unavyodhani.

Kipimo chetu cha kwanza hakina ufundi mkubwa, na mteja akiwepo tunamwita aone mwenyewe. Tunasimamisha ukingo wa rula ya chuma juu ya uso wa tapeti halafu tunaielekeza kwenye taa. Tapeti nzima, mwanga unapita pembeni kidogo. Iliyochoka, mwanga unapita katikati, maana imeshachimbika imekuwa kisahani. Baada ya hapo tunapima nundu zote kwa mikromita, za intek (valvu za kuingiza hewa) tunazilinganisha zenyewe kwa zenyewe na za egzosi vivyo hivyo, kisha na kitabu cha injini. Nundu moja ikiwa fupi kuliko wenzake, valvu yake haifunguki inavyotakiwa na ile silinda haivuti vizuri hata uweke ringi za dhahabu. Gari itamisi, na wewe utarudi kusema ovahoo yetu mbovu.

Sasa njia ya mkato. Mteja anasema sawa, kemshafti nanunua, ila tapeti rudisheni zilezile zinaonekana nzima. Hapana. Tapeti ya zamani imeshazoeana na nundu yake ya zamani, sura yake imefuata ile nundu, ukiikalisha juu ya nundu mpya haitazunguka. Hata tukifungua injini ambayo kemshafti yake bado nzuri na inarudi, tapeti tunazipanga kwenye ubao wenye namba ili kila moja irudi tundu lake lilelile, zikichanganyika tumeharibu. Tapeti za rola ndo habari nyingine, hizo zikiwa nzima zinaweza kurudi.

Kuna mmoja alitukatalia kabisa, akabeba injini akaenda kufungiwa kwingine, kemshafti mpya na tapeti zake za zamani. Ikarudi kwetu inagonga na inapiga mafua, yaani inarudisha mlipuko, kwenye kabureta. Tulipomwaga oili ilikuwa inang'aa unga wa chuma, nundu mbili zimekuwa mviringo kabisa, na ule unga umepita kila mahali, metali mpya zimechorwa, pampu ya oili imekwaruzwa ndani. Akanunua upya vitu alivyokuwa amenunua tayari, juu yake tena kemshafti na tapeti. Wengine wanaweka oili nzito ili mlio wa tapeti upungue, mlio unapungua kweli ila nundu inaendelea kuisha kimyakimya.

Tunalalamikiwa pia muda tunaochaji wa kuwasha mara ya kwanza. Jamani ile kazi ndo yenyewe! Nundu zote na nyuso za tapeti tunazipaka grisi maalumu ya kemshafti, tunaweka oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha kwa sababu oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa hivyo vitu kulinda katalisti (kisafisha moshi cha kwenye egzosi), tunazungusha pampu ya oili mpaka presha ionekane, timing (wakati wa cheche) na mafuta vinakuwa tayari ili isituchukue stata ndefu. Ikishika tu tunaipandisha resi mpaka mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, tunaishikilia humo dakika 20 mpaka 30 tukipandisha na kushusha kidogo. Wateja wakisikia hivyo wanapiga kelele kwamba tunaua injini mpya, waiache kwenye silensa, yaani iungurume polepole bila kukanyaga mafuta, ipumzike. Kwenye silensa ndo inapokufa: nundu zinalowa kwa oili inayorushwa na krankshafti, na ikizunguka polepole inarusha kidogo, huku springi inakandamiza kwa nguvu zote.

Ikimaliza tunamwaga oili yote, tunatoa filta na kuichana tuangalie karatasi yake. Unga kidogo wa mwanzo ni kawaida, vipande vinavyong'aa sio kawaida na hatukupi gari. Ukishaichukua, irudishe ikitembea kama kilomita 800 tubadilishe oili tena na kuchana filta nyingine, na tapeti zako za zamani utazikuta zimefungwa kwenye mfuko, zako hizo, zipime kwa rula hata nyumbani.