Mwanangu, Magodoro Yasubiri

Msasani, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mama yako anakusalimu sana. Orodha yako ya vitu vya kununua kwa ajili ya boti yako ya tanga nimeipata: magodoro, mapazia, rangi ya ubavuni, jiko jipya. Naomba vyote hivyo visubiri. Pesa uliyonayo iende kwanza chini ya maji na juu mlingotini, kwa sababu wewe hutaki chombo cha kwenda kisiwani Bongoyo Jumapili na kurudi. Unataka kulala humo usiku kucha.

Bamvua hii, maji yanapojaa na kupwa sana, boti tumeipandisha pwani. Maji yalijaa saa 10 alfajiri, tukaisogeza hadi karibu na mchanga, na yalipoanza kupwa tukaitia magadi, miti ya kuiegemeza, pande zote mbili. Mkuku wake, ule uti wa chini, ni mrefu, imekaa vizuri. Kufika saa 4 asubuhi ilikuwa pakavu kabisa. Nimeigonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, na faiba yake inalia vizuri, isipokuwa kipande karibu na usukani chenye mlio mzito. Hapo imekunywa maji. Itakatwa, ikauke, ndipo ijazwe upya.

Kilichonitisha ni koki. Ya choo, ya sinki na ya maji ya kupoza injini, zote zimekaa kwenye matundu yaliyo chini ya maji. Nilikwangua ile ya choo kwa kisu. Juu ilikuwa kijani, nikategemea chini yake nikute njano, nikakuta rangi ya waridi. Shaba ya njano ina zinki ndani yake, mwanangu, na maji ya chumvi huila ile zinki taratibu, ikabaki shaba tupu yenye vinyweleo. Fundi aliibana kwa plaizi ikamong'onyoka kama biskuti. Tundu lililobaki linapitisha kidole gumba changu, na tundu la namna hiyo likifunguka baharini huingiza maji mengi kuliko ile pampu ndogo ya ngamani, kule chini kabisa ndani ya chombo, inavyoweza kuyatoa.

Kwa hiyo koki zote tutaziondoa, hata zile zinazoonekana nzima. Mtu asikushawishi ununue za bomba la nyumba pale Kariakoo kwa sababu ya bei. Zinang'aa dukani, lakini nyingi ni shaba hiyo hiyo ya njano. Tunataka za bronzi. Kando ya kila moja nitafunga kwa kamba nguruzi, kizibo cha tundu, ya mti laini, uipapase hata gizani, na mipira yote nitaibana kwa klipu mbili mbili.

Nyaya za mlingoti usiziamini kwa kung'aa kwake. Chuma kile cha stenlesi hakishiki kutu kwa sababu hewa inakifikia. Pale waya unapoingia kwenye kishikio chake maji ya chumvi hukaa bila hewa, na kutu huanzia humo ndani usikoona. Nilipitisha kipande cha pamba, kikanasa kwenye nyuzi zilizokatika karibu na kishikio cha upande wa kushoto. Zimeshachoka. Badilisha zote, hata kama itabidi usubiri mshahara wa miezi ijayo.

Gesi ndiyo ninayoiogopa kuliko yote. Nyumbani ikivuja, inatokea mlangoni. Chomboni haina pa kutokea, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inateremka na kulala ngamani pamoja na maji, ikisubiri cheche ya betri. Mtungi hautakaa ndani. Nitautengenezea sanduku lake juu, lenye tundu la kumwaga nje ya ubavu, na koki ya kufungia jirani na jiko. Kila ukimaliza kupika, funga.

Kuhusu pa kutia nanga, Ghuba ya Msasani mdomo wake umeelekea kaskazini. Wakati wa kusi rasi inakukinga vizuri. Kaskazi ikishaanza, kuanzia Desemba, mawimbi yana njia ya kuingia na utayumba usiku mzima. Kwa hiyo nanga na mnyororo visiwe vya kukisia, na usihamie mwezi huo. Masika ya kwanza chombo kikae majini bila mtu, nami nitakuwa naingia kila mvua ikinyesha kuangalia panapovuja juu ya kitanda. Rangi na magodoro vitafuata hapo.

Najua unaona nakuchelewesha. Chumba chako hapa bado kipo, ukija likizo kaa nasi, asubuhi tutakwenda chomboni pamoja ushike spana mwenyewe, maana kila koki lazima uijue kwa mkono wako.

Nijibu kuhusu pesa za koki na nyaya kabla ya mwezi mpya. Fundi anataka jibu mapema, bamvua ijayo ana chombo kingine Kunduchi.

Baba yako