Titresheni: tukazie usuuzaji wa vyombo

Walimu wenzangu, salaam. Katika vipindi vya maabara vya titresheni (kupima ujazo wa asidi unaotosha kumaliza alkali) wiki hii, naomba tusimame zaidi kwenye kusuuza vyombo. Hapo ndipo wanafunzi wanaojua nadharia vizuri wanapopoteza alama. Bureti (mrija mrefu wenye vipimo na koki ya kufungulia chini) isuuzwe kwa maji, kisha kwa asidi ile ile itakayojazwa. Pipeti (mrija wa kupimia sm³ 25 za alkali) nayo kwa alkali yake. Lakini chupa ya koni, inayopokea alkali hiyo, ni maji yaliyokenekwa tu! Ikisuuzwa kwa alkali, mabaki yanazidisha kile kipimo cha sm³ 25, na asidi inayotumika inapanda.

Faneli iondolewe kabla ya kusoma bureti: tone likidondoka baadaye, ujazo unaonekana mdogo kuliko uliotumika kweli. Kiputo kwenye ncha kitolewe kwa kufungua koki ghafla. Fenoftalini (kiashiria: waridi kwenye alkali, bila rangi kwenye asidi) matone 2 yanatosha. Rangi ya waridi ikianza kufifia, asidi iingie tone moja moja hadi ipotee kabisa. Ujazo waandike kwa desimali mbili: 24.30, si 24.3.

Bureti zikiwa chache, wapeane zamu, kila mmoja ashike koki mwenyewe. Anayeandika tu namba za mwenzake hajui kulizuia tone la mwisho. Majedwali yao ya vipimo nitumieni humu Ijumaa.