Tabibu wa ngozi apewe chumba chake

Mhariri,

Mwaka jana mwanangu alitoka mashilingi, yale madoa ya duara ya ngozi, shavuni. Duka la dawa wakatuuzia krimu ya steroidi. Wiki ya kwanza muwasho ukatulia, tukafurahi. Ya tatu duara limefika sikioni. Aliyetukwamua hakuwa daktari bingwa, alikuwa tabibu wa ngozi. Alimsogeza mtoto dirishani, akakwangua magamba ya ukingoni, akayatazama kwa hadubini. Fangasi. Ile krimu ilikuwa inawanenepesha tu.

Matabibu hawa hufundishwa Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Kozi ni miaka miwili, na wanaoingia tayari ni watu wa kazi, wengine kutoka nje ya Tanzania. Husoma pia ukoma na magonjwa ya zinaa.

Sasa, huyo wetu anashinda zamu ya wagonjwa wa nje akiandika dawa za malaria. Ngozi ni Alhamisi tu, tena hadubini ya kuazima maabara. Halmashauri yetu impe chumba na siku tano. Foleni ya Alhamisi wanaiona wenyewe, inafika getini.

Mzazi,
Singida