Barua kwa mwanangu: Harmagedoni ni wapi?

Mwanangu Upendo,

Hujambo? Huku sote wazima, mama yako anakusalimu. Ile video uliyonitumia, ya mhubiri mwenye ramani na mishale ya vifaru, nimeitazama hadi mwisho. Unauliza Harmagedoni, mahali wafalme wanapokusanywa kwa vita katika kitabu cha Ufunuo, ni wapi. Tuanze na jina lenyewe, maana hapo ndipo mhubiri wako alipopita mbio.

Katika Biblia nzima jina hili limo mara moja tu, Ufunuo 16:16. Yohana anaandika Kiyunani, lakini anasema mahali hapo panaitwa hivyo kwa Kiebrania. Linganisha na sura ya 9:11: malaika wa kuzimu anaitwa Abadoni kwa Kiebrania, na papo hapo tunapewa la Kiyunani, Apolioni. Kwenye Harmagedoni hakuna tafsiri. Tumeachiwa wenyewe tufumbue.

Wengi hulikata vipande viwili. Har kwa Kiebrania ni mlima, na Magedoni ni Megido, mji wa kale kaskazini mwa Israeli, ukingoni mwa bonde la Yezreeli. Hiyo H isikusumbue. Kiyunani cha Agano Jipya hakina herufi yake. Ni kialama tu juu ya irabu ya kwanza, na hati za kale kabisa kwa kawaida hazikukiweka. Ndiyo maana Waingereza wanaanza na A.

Kasheshe iko kwenye mlima. Megido si mlima, ni kilima cha magofu: mji uliojengwa juu ya mji, matabaka zaidi ya 20. Agano la Kale likipataja, linataja mji wenyewe, maji yake (Waamuzi 5:19) au bonde lake. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, kwenye 2 Nyakati 35:22, inasema mfalme Yosia alikwenda kupigana katika bonde la Magedoni. Jina ni lile lile la Yohana, ila ni bonde! Kwa hiyo wapo wataalamu wanaosema asili yake ni har moed, ule mlima wa mkutano wa Isaya 14:13. Si hoja ya kipuuzi, kwa kuwa herufi ayini ya Kiebrania, iliyomo katika moed, iligeuka g hata katika Gaza na Gomora. Lakini ile n ya mwisho ya Magedoni inakosa mwenyewe, maana moed haina. Megido inayo: katika Kiebrania cha Zekaria 12:11 mji umeandikwa Megidoni.

Mimi niko upande wa Megido. Njia ya majeshi kutoka Misri kwenda kaskazini ilipita hapo. Farao Thutmose wa 3 alipigana hapo karne ya 15 kabla ya Kristo. Jeshi la Sisera, jemadari wa Wakanaani, liliangamia jirani. Yosia, mfalme mwema kabisa, aliuawa hapo na Farao Neko mwaka 609 kabla ya Kristo. Hata mwaka 1918 jenerali Mwingereza Allenby aliwashinda Waturuki upande huo, na baadaye cheo alichotunukiwa kikabeba jina la Megido. Msomaji wa Yohana aliyeyajua Maandiko hakuhitaji ramani.

Sasa fungua Ufunuo 16, mstari wa 12 hadi 21, usome taratibu. Wafalme wanakusanywa. Mstari unaofuata malaika wa saba anamimina bakuli lake, na sauti kutoka hekaluni inasema imekwisha. Vifaru vya mhubiri wako vitafute humo, ukiviona unipigie.

Baba yako