Simu zisipigwe marufuku kwenye makongamano ya akina mama, wapangwe wapiga picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Masasi aliyeandika hivi karibuni akitaka simu na kamera zipigwe marufuku kabisa kwenye makongamano ya wanawake wa dini. Hasira yake naielewa. Mama anaaga nyumbani kwenda kusikiliza mawaidha, akirudi anakuta sura yake imeshatangulia kwenye makundi ya WhatsApp. Mmoja kapigwa anasinzia mada ya saa nane mchana, mwingine mtandio umeshuka, mwingine mdomo umejaa pilau. Hata hivyo dawa aliyoipendekeza siikubali, na nasema hivyo kwa sababu kazi yenyewe nimeifanya.

Mimi ni mwanamke mpiga picha. Nina studio ndogo hapa Mtwara mjini, Chikongola, na riziki yangu inatokana na picha za pasipoti na mahafali ya madrasa. Kongamano la mwisho la akina mama wa Kiislamu lililofanyika hapa mjini, kamati ya maandalizi ilinipa jukumu la kuwasimamia wapiga picha wa kujitolea. Walikuja wageni kutoka Newala, Tandahimba, Nanyamba, Masasi na wengine Lindi. Kamati ilikuwa imeshagawana kazi zote: chakula, maturubai, malazi, mapokezi, vipaza sauti. Picha hazikuwa na mtu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba siku hizi kila mtu ana simu. Nikawaambia ndiyo hasa hatari yake. Pasipokuwa na aliyepangwa kupiga, watapiga wote, na tukija kutaka picha ya ripoti hatutaipata hata moja iliyo nzuri, wakati zile mbaya zimeshafika Dar es Salaam.

Basi tukatafuta mabinti. Wengine ni wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini, wengine mafundi cherehani, mmoja anafanya kazi ya video za harusi. Wote wanawake, na hilo sikulifanyia mjadala. Mafundi wakubwa wa kamera hapa Mtwara ni wanaume, nakiri, na kazi zao naziheshimu. Lakini mama akijua upande wake hana mwanamume mwenye kamera, anakaa ametulia, ushungi anaulegeza kidogo kwa joto hili letu, anacheka, anauliza swali. Picha nzuri inatoka hapo. Kaka zetu tuliwaweka getini na upande wa wageni wa kiume, wakafanya kazi yao vizuri sana.

Mtihani ulikuwa mgeni rasmi. Wakubwa wanakuja na wapiga picha wao, vijana waliovaa fulana zenye mifuko mingi, na hao hawamwombi mtu njia. Wanapanda viti, wanapita katikati ya mabibi waliokaa kwenye mkeka, wanachuchumaa mbele ya mtoto anayesoma Kurani mpaka anasahau aya. Dawa yake ni kuzungumza na watu wa itifaki jana yake, si asubuhi ile. Tulikubaliana vijana wasimame kushoto mwa meza kuu tu, na mgeni rasmi akiondoka waondoke naye. Waliheshimu, isipokuwa mmoja aliyetaka kubaki achukue "za mwisho mwisho", akatolewa na mama mmoja wa mapokezi bila hata kuinuliwa sauti. Sitasahau alivyomshika kiwiko.

Sasa nije kwenye idhini, ambayo ndugu yangu wa Masasi hakuigusa kabisa. Watu wanadhani kuomba ruhusa ni kunyanyua kamera, mtu akitabasamu basi amekubali. Binti mmoja alimwendea bibi kutoka Newala, akapiga goti, akamwamkia. Bibi akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Hiyo picha inakwenda wapi, mwanangu?" Binti akamjibu ni ya ripoti. Bibi akauliza tena, "Hiyo ripoti anaisoma nani?" Binti kimya. Akaja kuniuliza na mimi, nikaona sina jibu la uhakika, nikaenda kwa katibu wa kamati. Ikabidi tukae pale pale nyuma ya jiko tuamue: picha zitaingia kwenye ripoti ya viongozi, na chache zitachapwa zibandikwe ukuta wa ofisi. Hazitawekwa mtandaoni. Tuliporudi kwa bibi na maelezo hayo, akasema ukutani sawa, maana wakwe zake wako humo kwenye simu na hataki wamwone hivi hivi bila yeye kuwapo. Akapigwa. Ni katika picha nzuri kuliko zote za siku ile.

Mpaka leo nasema swali la bibi yule lingeulizwa kwenye kikao cha kwanza, tungepunguza nusu ya purukushani.

Kwa wasiotaka kupigwa kabisa tulianza na utepe mwekundu wa kubana kwenye mtandio kwa pini. Wazo lilionekana zuri kwenye kikao. Ukumbini hakuna aliyeuvaa, au niseme walioomba walikuwa wachache kuliko tulivyotarajia. Sababu iko wazi: ukiwa na utepe unaonekana, jirani anakuuliza una nini, mara inasemwa wewe ndiye mcha Mungu kuliko wenzako, au una siri. Mchana tukaacha tepe, tukatenga viti. Safu zote za upande wa ukuta, karibu na feni, hapapigwi picha wala kamera haielekezwi huko. Mama anakwenda kukaa na hana haja ya kujieleza kwa mtu, kafuata feni tu. Nawashauri wote wanaoandaa makongamano, wa misikiti na wa makanisa, watenge viti.

Yapo na maeneo ambayo hata mtu akikuruhusu hupigi. Penye kuchukua udhu, maana pale vichwa na mikono viko wazi. Penye kunyonyesha. Kwenye chakula. Na dua ya mwisho, watu wanapolia, kamera inawekwa chini. Sisi wa kusini tusijifanye mipaka hii ni migeni kwetu. Unyago umechezwa huku tangu enzi za mabibi zetu. Mashehe wana maneno yao juu yake na siyaingilii. Ila hakuna mwanamke wa Kimakonde wala wa Kimwera anayehitaji tangazo la ukutani ili ajue kwamba ya mle ndani hayatolewi nje. Adabu hiyo tunayo. Kinachotushinda ni kuihamishia kwenye simu.

Kuhusu ufundi nitasema kidogo, wenye kamera watanivumilia. Turubai la bluu ni adui. Mwanga ukipita mle, nyuso zote zinageuka kama za wagonjwa, na hakuna programu itakayozirudisha sawasawa. Kama mna uchaguzi, kodini maturubai meupe. Mabaibui meusi yakiwa mengi mbele ya kamera, yenyewe inajidanganya kuwa kuna giza, inaongeza mwanga, nyuso zinaungua na weusi unakuwa kijivu; kwenye shungi nyeupe inakuwa kinyume chake, sura inazama. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwanza, kisha shusha au pandisha mwanga kwa kidole. Picha ya pamoja msiipige saa sita mchana. Kuanzia katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huku kwetu linakaa utosini kabisa, na macho ya watu yanakuwa mashimo. Pigeni saa mbili asubuhi au baada ya alasiri. Halafu mkitumiana picha za kuchapa bango au kalenda, zitumeni kama faili, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana njiani inabanwa na ubora wote unapotea. Mchapaji atawalaumu ninyi, naye atakuwa na haki.

Sasa fedha. Neno "kujitolea" linatumiwa vibaya sana kwenye kamati zetu. Mwenye vipaza sauti analipwa taslimu kabla hajashusha spika. Mwenye maturubai analipwa. Mpishi analipwa na anabeba na ukoko. Binti wa kamera, anayesimama kuanzia kaswida ya kufungua mpaka magharibi, anaambiwa atalipwa na Mwenyezi Mungu. Atalipwa, sina shaka, lakini bajaji ya kumrudisha Mikindani usiku ina dereva anayetaka chake leo. Sikuomba ujira. Niliomba nauli, chakula cha wakati mmoja na wengine, bando, na kadi za kumbukumbu za kamati yenyewe. Hizo kadi mweka hazina alizikataa mwanzoni akisema mabinti watumie za kwao. Nikamuuliza: wakitumia za kwao, jioni picha za mama yako ziko kwa nani? Akatoa fedha.

Na ndivyo tulivyofanya. Aliyepiga kwa kamera alitumia kadi ya kamati, aliyepiga kwa simu alizima kwanza ule mpangilio unaopandisha picha mtandaoni zenyewe. Jioni kila kitu kilinakiliwa kwenye kompyuta moja ya ofisi mbele ya katibu, kisha simu zikafutwa. Binti mmoja alinung'unika kwamba picha ni zake, na kisheria hakukosea: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 picha ni kazi inayolindwa, na mpigaji hapotezi haki yake kwa kuwa tu hakulipwa. Tuliandikiana karatasi fupi: jina lake litakuwa chini ya kila picha yake itakayotumika, naye hataisambaza bila kamati. Akaridhika. Ndugu wa Masasi naye ajue kwamba sheria ipo hata kwa wanaosambaza ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu imani ya dini ya mtu kuwa taarifa nyeti. Mama akionekana kwenye picha ya kongamano la dini, umetoa sura yake na imani yake kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hatuhitaji marufuku mpya getini.

Na kwa nini nang'ang'ania picha zipigwe? Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado vibichi, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi mpaka Newala akiwa na kamera. Akawapiga picha mabibi zetu wenye ndonya, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu. Picha hizo leo mtu anazitazama kwenye simu. Chini ya nyingi alizozichapisha pameandikwa kabila tu: mwanamke wa Kimakonde, wanawake wa Kiyao. Hakuna jina la mtu. Yawezekana mmoja wao ni bibi wa bibi yangu na nimeshampita bila kumjua. Tukikataza kamera kwenye mikutano yetu wenyewe, tutabaki na picha walizotupiga wengine kwa shida zao wenyewe, au hizi za kuibia za mama anayesinzia.

Kwa sababu hiyo kazi niliyoikazania kuliko lenzi na mwanga ni majina. Binti mmoja hakushika kamera kabisa siku ile. Alishika daftari, akafuatana na wapigaji, akaandika nani kakaa wapi, katoka wilaya gani, ana wadhifa gani madrasa au kikundi cha kuweka na kukopa. Wapigaji walimcheka mwanzoni kwamba kapewa kazi ya karani. Wakati wa kuandaa ripoti wote walikuwa wanamwita "dada" na kumbembeleza.

Hapa na gazeti lako linahusika, Mhariri, usikasirike. Kila mkutano wa akina mama mnaouchapisha, chini ya picha mnaandika "baadhi ya akina mama wakifuatilia mada kwa makini". Mgeni rasmi ana jina, cheo na wilaya. Waliokaa mbele yake, waliouza vitumbua na korosho ili wapate nauli ya kuja, ni "baadhi". Waandishi wako wakija huku, waje na kalamu pia.

Utaona sijaambatanisha picha yoyote na barua hii. Ninazo nzuri, pamoja na ya bibi wa Newala, lakini walipokubali tuliwatajia ripoti na ukuta wa ofisi tu. Gazeti hatukulitaja. Ukizitaka, nijulishe mapema nipate kuwapigia simu wale wenye simu, na wasio nazo nitawatumia salamu kwa magari ya Newala na Tandahimba. Watakaokataa nitakuambia wamekataa.

Wako,
Mpiga picha wa Chikongola,
Mtwara