Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Maalum: kabla ya kununua swichi za taa za watoto wenye ulemavu, ulizeni taa yenyewe inawaka saa ngapi

Ndugu Afisa Elimu Maalum wa halmashauri yetu, shikamoo mkuu. Mimi ni mzazi hapo kitengo cha elimu maalum shuleni, kazi yangu fundi redio, binti yangu ana mtindio wa ubongo pamoja na uoni hafifu. Kwenye kikao cha wazazi tulisomewa orodha ya vifaa vitakavyonunuliwa na nilifurahi kweli kusikia swichi zimo, manake miaka yote vifaa vya wasioona kwetu ni mashine ya nukta nundu na fimbo nyeupe basi, mtoto ambaye vidole havimtii hiyo mashine ataifanyia nini. Ila mstari wenyewe unasema "swichi za taa, rangi mchanganyiko, zinazometameta" na hapo ndo nimeshindwa kukaa kimya.

Kwa wasiozijua, hiyo swichi ni kitufe kikubwa (ile ya AbleNet inayoitwa Big Red upana wake unakaribia sentimita 13), mtoto anakigonga kwa mkono, kiwiko au hata kichwa, waya wake unaishia kwenye pini ya milimita 3.5 saizi ile ile ya hedifoni, unaichomeka kwenye redio au gari la kuchezea la betri lililorekebishwa, akigonga tu kitu kinafanya kazi. Mtoto asiyeongea wala kushika kitu anaanza kuamua mambo yake hapo.

Sasa tuje kwenye taa. Kuna swichi zinawaka ukishazibonyeza. Yani mtoto aitafute mwenyewe, aipate, aibonyeze, ndo imulike kumpa hongera! Kwa anayeona vizuri ni burudani, kwa binti yangu ni kazi bure kwasababu shida yake ni kuipata. Anachohitaji ni iwake kabla, imuite, halafu akishabonyeza izime au ibadili rangi ili macho yahamie kwenye lile gari. Kwahiyo msiandike "swichi ya taa" mkaishia hapo, andikeni taa iwake lini, manake mkishaiweka kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mzabuni ataleta kilichoandikwa na hutamlaumu.

Hiyo kumetameta nayo naomba ifutwe. Watoto wengi wa mtindio wa ubongo wana kifafa vilevile, na wapo watu ambao mwanga unaokatakata zaidi ya mara 3 kwa sekunde unawaamshia kifafa, sasa ya nini tujaribu kwa watoto wetu. Taa itulie, na iwe inapunguzika.

Binti yangu hospitali walisema macho ni mazima, tatizo ni ubongo unavyopokea picha. Watoto wa aina hiyo mara nyingi wana rangi wanayoikamata haraka kuliko nyingine, sana sana nyekundu au njano, ila sio wote, mwalimu ndo anamjua wake. Rangi tano kwenye kitufe kimoja kwao ni fujo tupu, bora kila kitufe rangi moja. Wengine wanaganda kwenye mwanga, anaikodolea taa mpaka anasahau kilichomleta, huyo apewe mwanga hafifu, na wapo wenye ualbino ambao mwanga mkali unawaumiza macho. Asiyeona kabisa taa haimpi chochote, yeye anataka kitufe chenye mkwaruzo juu, kinachotetema au kutoa mlio.

Na kifaa peke yake hakitoshi mkuu, walimu waelekezwe. Meza ya pale darasani ilikuwa imetandikwa kitenge cha maua makubwa na juu yake vikombe, kalamu, kila kitu, kitufe kimezama humo humo. Siku moja mwalimu akatoa vyote akatandika kaniki, akaweka kitufe chekundu kinachowaka, akatuambia tunyamaze kwasababu mtoto kama huyu hawezi kusikiliza na kuangalia kwa wakati mmoja, na sisi tulishazoea "bonyeza mama, bonyeza" bila kupumua. Binti akakiangalia kwa muda, akageuza uso ukutani, mi nikajua ndo basi kakataa, kumbe mkono unakuja taratibu huku uso uko kule. Akagonga. Mwalimu akasema ndivyo wanavyofanya, wanaangalia kwanza, mkono unafuata baadae.

Hela ikiwa ndogo, mafundi tupo. Vile vitufe vya kuba vya mashine za gemu, milimita 60 au 100, vina taa ndani na nyaya za taa zimetengana na za swichi, kwahiyo kuifanya iwake kabla ya kubonyezwa sio kazi ngumu. Ila iwe ya kununua au ya kutengeneza, kama inatumia zile betri bapa za saa mfuniko wake ufungwe kwa skrubu, mtoto akimeza moja inaanza kuunguza koo ndani ya masaa 2.

Ninachoomba ni kwamba kabla hamjalipa, mzabuni alete sampuli moja ya kila aina, tuzijaribu hapo kitengo saa sita mchana madirisha yakiwa wazi, kwasababu taa inayoonekana vizuri ofisini jua likiingia darasani haionekani kabisa. Namba yangu mwalimu wa kitengo anayo, mkipanga siku nakuja na vifaa vyangu.

Mzazi, fundi redio